Mkono wa Bendera

Mkono wangu wa kulia umenitangulia uzeeni.
Ndio unaoshika bendera, nyekundu simama, kijani pita,
pale barabara mpya inapochubua kilima cha Miritini,
tangu saa mbili, malori ya bandarini yakikohoa foleni,
hadi saa kumi, lami ikinata kwenye soli.
Wa kushoto hukaa mfukoni, laini, kijana,
kama ndugu aliyesomeshwa.

Ngozi ya kulia ilianza kwa kuwaka usiku,
ikaja kubanduka kama ganda la kitunguu,
kisha ikabaki na madoa, rangi ya chai iliyomwagika.
Nikaingia nyumbani Magongo nimeuviringa kwenye leso.
Nikasema ni vumbi.

Shangazi Mbodze hakubishana na vumbi.
Aliushika mkono, akaugeuza
kama anayemkagua samaki mashavu.
"Na huko kazini wala nini?"
Nikataja: mandazi matatu, chai ya rangi, soda baridi,
siku ya mshahara viazi karai.
"Basi jua limekukuta ghala tupu," akasema,
"nalo si mgeni wa kurudi na njaa."

Alfajiri akashuka Kongowea,
akarudi na nyanya zilizoiva hadi kukunjamana,
zile za fungu la mwisho ambazo muuzaji hazipangi, anazimwaga.
Akazikoroga juu ya moto mdogo hata zikasahau umbo,
akamimina mafuta.
Nikalalamika mafuta ni mengi.
"Wekundu huu mwilini hauingii mkavu," akasema.
"Lazima upakwe kwanza, kama bibi harusi."

Basi ikawa mchuzi ule kila siku, na mchicha,
na kipande cha papai kilichofungwa kwenye gazeti,
karoti za kutafuna nikisubiri upande wa pili upite.
Chivatsi wa mtambo wa kushindilia akanipigia kelele,
"Mshika bendera, umeanza kuota masikio!"
Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna.
Wiki ya tano nilisahau kuhesabu.

Bi Thureya wa zahanati alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine,
akayasoma madoa yangu kama barua ya deni.
Nikamweleza habari ya sufuria. Hakucheka.
"Chakula ni ukuta wa makuti," akasema.
"Jua litapenya, ila halikupigi kama uliye uwanjani.
Na ukuta huo haujengwi kwa siku moja.
Lakini mwambie shangazi yako, kwa heshima zote,
nyanya si kofia."

Nikamwambia, kwa heshima zote.
Alinyamaza mpaka wali ukashika ukoko.
Usiku nikasikia cherehani.
Asubuhi palikuwa na mkono wa nguo mezani,
umekatwa kwenye leso yake ya zamani, ile ya korosho,
na jina la leso limeangukia kiwikoni,
nusu tu ya maneno: *Usinione kimya.*
Pembeni, kopo la mchuzi. Hakuacha hata moja kati ya mawili.

Madoa hayajaondoka, sitawadanganya.
Lakini zamani moto ulianza saa tano,
sasa adhana ya adhuhuri hunikuta bado nimetulia.
Ni mchuzi? Ni kitambaa? Ni mawingu ya mwezi huu?
Nimemuuliza mkono, haujibu, una kazi.

Leo mchana Chivatsi alishuka mtamboni,
shingo yake nyuma imepasuka kama udongo wa Mazeras,
akakaa kando yangu kwenye bomba la zege.
Hakuomba. Nilimsogezea kopo,
akachovya mkate, akala, akalamba kidole,
akauliza kama shangazi anashona na kola.

Filimbi ikalia.
Nikamtoa wa kushoto mfukoni,
nikamvika leso ya korosho,
nikamkabidhi bendera.
Alitetemeka kidogo, lori la kwanza likasimama.