Bei ya Herufi

Mimi natoza kwa herufi. Nafasi tupu ni bure.
Karakana yangu iko Makupa, ubavuni mwa duka la magurudumu,
na mji huu nimeuandika kwa mkono huu:
vinyozi, buchari, madrasa, mafundi cherehani,
na waganga, waganga wasio idadi,
wa busha, wa mapenzi, wa kesi mahakamani.
Kila mlingoti wa stima una mwandiko wangu na uwongo wa mwingine.

Kisha akaja Profesa Nyevu na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Vyuo viwili vimeshikana mikono, akasema,
kimoja cha hapa, kimoja cha bara,
vinafungua skuli ya udaktari.
"Andika vizuri, fundi. Bango la mita sita."
Nikahesabu kwa kidole, nikafurahi:
UDAKTARI peke yake ni herufi nane.

Bango la kwanza, chuo cha bara kikateta:
mbona jina letu liko chini?
Bango la pili, chuo cha hapa kikanuna:
kiwanja cha nani? Wagonjwa wa nani?
Wakakaa kikao. Wakakaa kikao cha kujadili kikao.
Akaletwa bwana mmoja wa tai, Dakta Mutinda, na rula,
akazipima herufi zangu milimita kwa milimita
kama apimaye mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Ubavu kwa ubavu, akakata shauri,
na katikati weka alama ya kujumlisha.
Hiyo nayo nikaitoza.

Niliwacheka, lakini brashi ilikuwa nzito.
Miaka kumi na mmoja nyuma
hospitali ya hapa ilinipa barua, si dawa:
mjuzi wa kichwa yuko Nairobi.
Tukampakia Mwatime saa nne usiku,
khanga yake imefungwa kwenye chuma cha dripu
maana ndoana ilikuwa imekatika.
Tukafika Mariakani, penye mzani wa malori,
foleni imejilaza mbele, imejilaza nyuma,
king'ora kikalia mpaka kikakauka sauti.
Turniboi mmoja akashuka kuja kuchungulia,
akavua kofia.
Hatukuwa tumefika hata Samburu.

Barua ile ningali nayo. Mwandiko wa daktari,
hausomeki,
na mimi, bingwa wa miandiko, sijawahi kujaribu.

Basi UDAKTARI niliipaka mara tatu,
na kila mara nilitanguliza nyeupe,
nikangoja ikauke, nikaanza upya bila kinyongo.
Wabishane juu ya jina.
Mradi wasibishane juu ya mlango.

Siku ya kulipandisha bango, kabla ya hotuba na mahamri,
alitokea msichana na sanduku la bati,
Sidi Chengo, wa kutoka Ganze.
Ameitwa Septemba, amekuja Agosti.
"Nimeogopa kuchelewa," akasema,
akaketi juu ya sanduku, akavua viatu,
akaanza kulisoma bango tangu mwanzo, polepole,
midomo ikicheza, pamoja na ile alama ya kujumlisha.

Akaniomba rangi iliyobakia koponi
aandike jina lake, lisije likapotea bwenini.
Nikamnyang'anya brashi. Kazi ya watu hiyo.
"Mbele ya jina niweke nini?"
Akacheka, akatazama vidole vya miguu.
"Bado, mzee. Miaka sita."

Nikapima kwa gumba nafasi ya herufi tano,
nikaiacha vivyo hivyo, bati tupu,
jua likapiga hapo, likanichoma macho.
Kisha nikaanza na S.

Herufi za jina nilimsamehe.
Ile nafasi, nikamwambia, hiyo ndiyo deni.