Patroni ya Saba

Patroni ya kwanza niliichora mimi,
usiku, umeme ulipokubali kurudi Kadutu:
mabawa mawili, tabaka nne za flaneli,
na jina langu pembeni kwa kalamu ya risasi.

Cibalonza hakuliona jina.
Aliilaza mapajani, akaipitisha chini ya kidole gumba
kama anayechambua maharage gizani.
“Hapa,” akasema, “itamuuma mtoto wa watu.”
Nikatazama, nisione kitu.
Akanishika mkono, akaupeleka kwenye mshono:
fundo, dogo kuliko punje ya mtama.

Ya pili iliuawa na kifungo.
Mkono wa kushoto wa Mugisho uliishia kwenye kiwiko
mwaka ambao hapendi kuutaja.
Alikibana kifungo kwa meno, akacheka mpaka akakohoa:
“Na msichana aliye chooni shuleni,
mlango hauna komeo, kaushikilia kwa mkono mmoja,
naye afunge kwa meno?”
Tukakihamisha kifungo. Tukakihamisha tena.

Ya tatu na ya nne zilishindwa na mvua.
Bukavu, ikifika Septemba, hakuna kinachokauka
ila koo la mdaiwa.
Nsimire akaegemeza magongo ukutani, akatueleza
jinsi vitambaa vyake vya usichana
alivyovianika chini ya godoro
kaka zake wasivione,
na harufu aliyokwenda nayo darasani
mpaka siku aliyoacha kwenda.
Mashine zote zilinyamaza.
Basi tukashona kinachofunguka kikawa bapa kama leso,
maua ya kikwembe juu, rangi ya kahawa chini.
Kikiwa kambani, hakimsemi mtu.

Ya tano alikuja kuipiga picha bwana wa shirika.
Akamwuliza Nsimire anajisikiaje.
Nsimire akamwuliza flaneli anainunua bei gani.

Ya sita tuliifua mara sitini kwa sabuni ya kipande.
Aliyehesabu ni Mwamini, asiyesikia,
kwa mbegu za parachichi ndani ya kopo;
mimi niliyesikia kila kitu
nilipotea kwenye ishirini na tatu.

Hii ndiyo ya saba.
Haina jina la mtu.
Ukingoni, kwa nje, Cibalonza ameacha fundo,
lile lile alilonikemea,
sasa kwa makusudi: ukiwa gizani,
umeme umekwenda na tumbo linakata,
kidole chako kitajua upande wa juu.

Sijui kama ya nane ipo. Mugisho anasema ipo,
ananung’unikia lastiki.
Jumamosi, malipo. Mvua imeanza kupiga bati,
na ngazi za kupanda barabarani ni arobaini na moja, za udongo.
Baiskeli ya Nsimire ina magurudumu matatu,
na bado hatujapata patroni ya kilima.
Mimi nashika nyuma. Nani anashika mbele?