Hereni ya Rangi ya Chungwa

Ofisi yetu iko kati ya duka la mbegu na kinyozi:
mlango wa kioo, kengele, bendera,
na mimi, Lorraine Hegstad, mwaka wa kumi na tisa
nikiwapa wakulima wa kaunti kalamu iliyofungwa mnyororo,
kana kwamba mtu aliyepoteza kundi zima
atatamani kuiba kalamu.

Dhoruba ilikuja Oktoba,
ng'ombe wa Dakota bado wamevaa manyoya ya kiangazi.
Mvua kwanza, ikawalowesha hadi mfupani.
Kisha theluji, siku mbili, na upepo ukiwafagia.
Ng'ombe habishani na upepo. Huupa mgongo, akatembea.
Walitembea hadi kwenye seng'enge,
wa nyuma wakawapanda wa mbele,
na hapo ndipo Arvid Tollefson alipowakuta,
wengine wamelaliana,
wengine wima, macho wazi,
kama wanaongoja kufunguliwa lango.

"Leta picha," nilimwambia kwenye simu.
Ndivyo kanuni isemavyo: picha, au shahidi asiye ndugu,
umri, uzito, sababu ya kifo.
Akachukua kamera ya marehemu mkewe,
harusi ya binti yao ingali ndani yake,
akawapiga mmoja mmoja,
akiwapangusa theluji usoni kwa glavu
kama watu wa kupigwa picha za vitambulisho.

Arobaini na wanne.
Nikaandika. Nikazidisha.
Serikali hulipa robo tatu ya bei ya soko.
Robo inayobaki sijui hulipwa na nani.

Hundi ilichukua miezi kumi na minne.
Ilipofika, benki ilikuwa imekwisha kunawa mikono mezani;
ikala, ikajipangusa, ikamwachia Arvid
pesa ya nyasi kavu na tairi moja la trekta.

Basi mwezi wa tano kengele ikalia.
Arvid, kofia mkononi, bahasha mkononi.
Binti yake alitaka picha za harusi,
wakazikuza kwenye kompyuta, keki, shela, shangazi,
wakaendelea kubonyeza, wakafika kwenye theluji,
na sikioni mwa ndama mmoja, chini ya barafu,
hereni ya rangi ya chungwa.
"Zangu ni za njano," alisema.
"Huyu ni wa Duane Pruitt. Alivuka akaja kufia kwangu.
Nimelipwa msiba wa mwenzangu."

Nikafungua droo.
Fomu ya kupoteza ipo. Ya kuchelewa ipo. Ya kukata rufaa,
ya mrithi, ya aliyesahau kutia saini.
Ya kurudisha sikuiona.
"Kaa nazo, Arvid. Nani atajua?"
Akaitazama ile kalamu na mnyororo wake,
akaiacha bahasha juu ya kaunta,
kengele ikalia tena.

Duane hakuwahi kuomba fidia. Alisema hana picha,
na hana uso wa kwenda kuzipiga.
Aliuza shamba, sasa anauza matairi Rapid City.
Jumapili nikaendesha gari hadi kwake, maili tisini,
jambo ambalo kanuni hainiruhusu, na sijamwambia mkuu wangu.

Alishika bahasha bila kuifungua.
Alinusa mikono yake, mpira na grisi.
Akaniuliza swali moja tu:
yule ndama, kwenye picha,
alikuwa amelala, au amesimama?

Amesimama, nikamwambia.

Akatikisa kichwa, muda mrefu,
kama baba anayesomewa ripoti ya shule.