Sekunde Ishirini

Kompyuta ni saba, sisi ishirini na mmoja,
kwa hiyo tunabanana watatu watatu:
mimi, Penina Masweta, na Mwasiti wa mashine ya alizeti
ambaye mikono yake bado inanuka mashudu.
Mwalimu Chedego anasema, chagueni majina ya mchezo.
Vijana wa mbele wamejiita Umeme. Wengine, Simba wa Maabara.
Sisi tunaandika: Mama Watatu na Nusu.
Nusu ni tumbo la Mwasiti. Miezi mitano.

Swali la kwanza. Saa inaanza kurudi nyuma.
Kipi kina mnato zaidi? Maji, asali, au mafuta ya taa?
Penina ananong'ona: mlenda.
Mlenda haumo.
Tunacheka mpaka sekunde zinaisha.
Sifuri.

Niliacha shule kidato cha pili, mwezi wa saba,
sare imenikaza kiunoni kama kamba ya mzigo.
Enzi zile jibu la kosa lilikuwa na fimbo,
na nyuma ya fimbo, kicheko cha darasa zima.
Hapa kosa linawaka jekundu, linazimika.
Jaribu tena, kinasema kioo.
Hakiniulizi nilikuwa wapi miaka minane.
Hakiulizi mtoto ni wa nani.

Swali la tisa:
punje mbili za mahindi ndani ya maji,
moja inazama, moja inaelea. Kwa nini?
Mimi niliyechambua mahindi pale Kibaigwa
kifuku na kiangazi,
nikimwaga mbegu kwenye beseni, nikiengua zinazoelea
kwa kuwa mama aliengua, na bibi aliengua,
wala hakuna aliyeniambia kwamba kitu kile kina jina.
Densiti.
Nimebonyeza kabla Mwasiti hajamaliza kusoma.

Kijani!
Jina letu linapanda, linawaruka Umeme,
linakaribia kisogo cha Simba,
halafu bando la mwalimu linakata.

Kiduara cheupe kinazunguka, kinazunguka.
Nje malori yanaitafuta barabara ya Morogoro,
vumbi linaingia chini ya mlango.
Penina anasema twendeni, watoto wamelala kwa jirani.
Anasema hivyo, na hainuki.
Mwalimu anakwangua vocha kwa ncha ya ufunguo,
anasoma tarakimu kwa sauti,
nasi nyuma yake tunazirudia moja moja,
kama watu wanaoapa.