Kiambatisho cha Tano

Dili, saa nane mchana. Jenereta likakohoa mara mbili
likanyamaza, na kompyuta ikazimika
na Ibara ya Kumi na Tisa ingali mdomoni.
Wajumbe wakachukua rasimu, wakajipepea.
Siku hiyo ndipo nilipoona faida yake ya kwanza:
inaleta upepo.

Mimi ni mpiga chapa. Naitwa Eufrasia.
Ukisoma kumbukumbu za kikao hunioni,
kama usivyoiona sindano
katika shuka iliyokwisha kushonwa.

Nchi tunaiandika kwa lugha nne:
Kireno cha waliosoma kwa mapadri,
Kiindonesia chetu sisi tuliofundishwa na waliotutawala,
Kiingereza cha wageni wa magari meupe,
na Kitetumu, cha jikoni na matangani,
ambacho wiki ya kwanza kilitutazama tu,
hakina neno la kazi hii.
Mjumbe wa Oecusse, amesafiri usiku kucha kwa feri
na miguu yake bado inayumba,
akasema: *lei inan*. Sheria mama.
Mtu akacheka nyuma.
Kisha hakuna aliyecheka.
Mle ukumbini, mama wa nani hajazika?

Asubuhi tatu tulipigania "na" na "au".
Askari aingie nyumbani kwa kibali cha hakimu
au kwa amri ya mkubwa wake?
Walimu wa sheria wakatoa mifano ya Ulaya.
Gaudêncio hakutoa mfano. Alisimama,
akaonyesha kidole kisichokunjika, akasema:
"Mlango wangu ulivunjwa na *au*."
Nikafuta herufi mbili,
nikaweka herufi mbili.
Nchi nzima ikasogea kidogo,
na mimi nikaomba maji.

Halafu tukapanda wilayani kukusanya maoni.
Ainaro, darasa lisilo paa,
masizi bado ukutani mahali palipokuwa na ramani.
Ajenda: muundo wa mahakama.
Akaja mama mmoja, Balbina,
amejifunga tais ya rangi ya kutu,
tope la njiani limemfika magotini.
Akangoja zamu yake nyuma ya wanaume wote.

"Hiyo sheria mama," akasema,
"imeandikwa humo mwanangu yuko wapi?"

Mwenyekiti ni mtu mwema, nashuhudia.
Alivua miwani.
"Mama, leo tunazungumzia mahakama."

"Naam," akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Ukasikika mlio wa jogoo, na kalamu yangu
imesimama kwenye karatasi, wino unajaa, doa linakua.
Katibu akaninong'oneza: andika *nje ya mada*.

Niliandika. Niliajiriwa kuandika.
Lakini nje ya mada pia ni mahali,
pana ukurasa wake: Kiambatisho cha Tano,
ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
chini ya mzee anayetaka daraja la kupitisha kahawa,
juu ya mtoto aliyeuliza
kama bendera itakuwa na mamba.

Usiku wa kura walipiga makofi hadi viganja vikawaka.
Kalamu ya kutia saini iliishiwa wino kwa mjumbe wa thelathini,
ikaazimwa yangu, ya bei ya sokoni,
na haikurudi.
Sidai. Nimewaza tu iko mfuko wa nani.

Ibara zote nimezichapa, nyingine mara tisa.
Nazijua gizani, kwa vidole,
kama unavyojua mahali pa chumvi kwenu.
Haki ya kuishi iko kushoto, juu kidogo.
Mahakama ziko katikati, zimepangwa vizuri,
ngazi juu ya ngazi, ngoja ufike.

Na katika Kiambatisho cha Tano, ambacho hakuna aliyekifungua,
chini ya swali la Balbina wa Ainaro
niliandika *Jibu*, nikaweka nukta mbili,
nikaacha mistari saba.
Mhariri aliniambia niifute, inapoteza karatasi.
Nikamwambia jenereta limezima.

Lilikuwa linawaka.