Fimbo ya Shoto

Kwa Kalunde, mwisho wa safu, Soko la Kachoma,
zilitoka ndani ya belo la mapazia:
fimbo tisa, vichwa vya chuma, mipini myembamba.
Hakujua ni za nini. Akaandika kwa chaki:
ZA NYOKA. MOJA ELFU NANE.

Mimi najua. Niliziona kwa kinyozi pale Isevya,
televisheni imezimwa sauti,
watu wazima wametulia kama wako mazikoni,
mmoja anainama, anapima, anapiga,
na kipira kinaondoka
kama deni lililosamehewa.
Huu mwezi wa tano sasa,
kila spoku ninayoinyoosha
mkono unataka kuizungusha.

Mfukoni elfu ishirini na mbili.
Sita humo si zangu, ni za mnyororo wa Msimbete,
atakuja asubuhi na hasira zake.

"Nataka ya nyoka," nikasema,
sauti kavu, ya mtu asiye na haja.
"Wengi kwenu?"
"Wanazaliana."

Ya kwanza nikaiinua, nikafumba jicho moja
kama napima rimu.
Mpini umepinda, upana wa ukucha tu,
lakini ukucha hapa
ni mita hamsini kule uendako mpira.
Ya pili kichwa kinacheza; nikaitikisa, ikalia
kama kibiriti kilichobakiwa na njiti mbili.
Ya tatu nzima, inang'aa, kichwa kama ngumi ya bondia.
Hiyo ndiyo kila mgeni huiparamia.
Inatupa mbali, sikatai,
ila mbali kwenyewe hupajui.
Ya nne, ya tano, mishikio imekauka, inapukutika.
Hilo si neno. Tyubu kuukuu ninazo, na gundi ninayo.

Ya sita ilitazama upande usio wake.
Kalunde akacheka: "Hiyo walikosea kiwandani.
Kila anayeishika anairudisha. Chukua kwa elfu tatu."

Nikaishika.

Darasa la pili, Mwalimu Igembe
aliufunga mkono huu kwa kamba ya katani,
akaniambia kalamu ina upande wake.
Nikajifunza. Naandika kwa kulia hadi leo,
kuku akipita kwenye majivu anaandika vizuri zaidi.
Lakini spana, lakini nyundo,
lakini kijiko nikiwa peke yangu...

Miguu ikaachana yenyewe.
Magoti yakalegea. Kidole gumba
kikateremka juu ya mpini, kikalala.
Chini, kwenye chuma, mtu amechonga saba.

Kalunde hakucheka tena.
"Nyoka huyo," akasema, "unamsimamia kwa adabu sana."
Nikanyamaza.
"Elfu kumi na mbili."
"Si umesema tatu!"
"Tatu ilikuwa bei ya kilichokosewa.
Sasa kimepata mwenyewe."

Tulivutana mpaka jua likahama meza.
Tisa kwa hiyo. Sita kwa ile fupi, bapa,
yenye nyuso mbili, ya kusukumia karibu na shimo,
ambayo haijali mtu anakula kwa mkono gani.
Zile saba nyingine niliziacha bila kugeuka,
hata ile yenye ngumi.
(Niligeuka mara moja.)

Nimebaki na elfu moja na mnyororo wa Msimbete.
Elfu moja hainunui kipira.

Jioni, nyuma ya reli, nikachuma matonga machanga,
mabichi, magumu, yanajaa kiganjani.
La kwanza: nikapiga ardhi, vumbi likanijibu.
La pili: nikapiga upepo.
La tatu nililigusa sikioni, likaruka kando
likaingia kichakani na kelele zake.

Mtoto mmoja mchunga mbuzi
alikuwa amesimama muda wote, fimbo yake begani.
"Umemuua?"
"Bado," nikamwambia, nikitega la nne.
"Anajua kukwepa."