Ukurasa wa Madeni

Kibanda chetu kina miguu minne, mmoja mfupi.
Tumeuwekea kitabu cha uchumi, toleo la zamani
ambalo maktaba ililitupa.
Nyemo anakaanga. Atupakisye anapokea fedha.
Mimi naandika.

Alfajiri tunateremka na beseni la unga ulioumuka,
mabweni yakiwa bado na usingizi
na baridi ya Juni inang'ata masikio kama mbwa asiyebweka.
Andazi mia mbili. Chai ya tangawizi mia tatu.
Ubuyu kwenye chupa zilizokuwa za maji, mia tano;
hata kwa baridi hii wapo wanaounywa,
wanasema unasaidia kukumbuka.
Hatujawahi kukanusha,
hasa wiki za mitihani.

"Niandikie."
Ndiyo salamu yetu, inatangulia mambo na shwari.
Niandikie, bumu likitoka.
Niandikie, nina noti ya elfu kumi na nyie hamna chenji.
(Tulikuwa nayo.)
Niandikie, kwani wewe hunijui?
Nikaandika. Mazoya wa ualimu, maandazi sita.
Kokushubira, chai mbili, ubuyu mmoja.
Dada wa kofia nyekundu, jina atalitaja kesho.
Bumu lilikuwa linatoka Jumatatu,
na kila wiki ilikuwa na Jumatatu yake.

Kisha upepo.
Upepo wa Dodoma haupigi hodi.
Ulitokea upande wa Ng'ong'ona, vumbi limejaa mifukoni mwake,
ukabingirisha sufuria, ukamvua mlinzi kofia,
ukang'oa ukurasa wa katikati,
shilingi elfu themanini na moja na mia nne,
ukaupandisha juu ya bati za ukumbi
kama mtu anayekwenda kuusoma peke yake.
Nyemo aliukimbiza, mwiko mkononi.
Aliishia kwenye senyenge.
Atupakisye akaketi juu ya kreti, akasema polepole
ule msemo tuliokaririshwa shule ya msingi:
mali bila daftari...
Hakuumalizia.

Hatukutangaza. Lakini chuo kina masikio.
Kesho yake Mazoya akaja, akasema ni maandazi mawili.
Nikamtazama. Akatazama viatu vyake.
Nikapokea mia nne.
Kokushubira alilipa yote, akaacha na jero juu ya meza,
akaondoka kabla hatujamwita.
Dada wa kofia nyekundu hakuja,
au alikuja bila kofia.

Na yule kijana wa Kongwa, Ndahani,
asiye na mkopo,
anayekula amesimama kama anayesubiri kufukuzwa,
alifika jioni tukifunga,
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Tarehe zote, kwa penseli.
"Mei tisa, maandazi mawili. Mei kumi na moja, chai tupu."
Alisoma mpaka mwisho, sauti haikupanda wala kushuka.
Elfu tatu na mia moja.
Alikuwa na elfu moja, na karanga za mama yake
kwenye mfuko wa rambo.
"Karanga si malipo," akasema. "Karanga ni karanga.
Inayobaki, niandikie."
Akasimama palepale
mpaka alipoona kalamu imegusa karatasi.

Usiku nilijumlisha kwa tochi ya simu.
Hesabu zikagoma kulingana,
na safari hii si upepo.
Upepo ulichukua yaliyoandikwa.
Kuna maandazi mawili ya kila alfajiri, tangu Machi:
mwanzoni yale yaliyoungua pembeni,
baadaye hata ambayo hayakuungua.
Nyemo hakuniona. Atupakisye aliniamini.
Anayeshika kalamu hadaiwi na mtu.

Nilibanja karanga moja. Ilikuwa na mchanga kidogo,
mchanga mwekundu wa shambani kwao.
Nikafungua ukurasa mpya,
jina la kwanza nikaandika langu,
nikakwama kwenye idadi.